Jumatano ya Mama Shiko

Dadangu Wairimu,

Leo ni Jumatano na nimepika. Ungekuwa hapa ungecheka ukashika mbavu, maana mdogo wako uliyembandika jina la Tumbo, yule wa kula na kupotea vyombo vikingoja kuoshwa, ameamka akachemsha mahindi na maharagwe, akamenya viazi, akaomba majani ya malenge kwa jirani, akaponda mukimo mpaka bega likamuuma. Haujalainika sawasawa. Cucu, nyanya yetu, angeuonja, kisha aniulize kama kuna mtu amepanga kunioa, ili amwonye mapema.

Sufuria nimeifunika kwa taulo isipoe. Mama yuko chumba cha ndani, amefunga mlango, anaomba. Na hajala. Hajala tangu jana, wala leo hana mpango wa kula, na ndiyo sababu nakuandikia wewe badala ya kumpigia mtu simu. Mtu mwingine yeyote itanibidi nimweleze kwanza ni ugonjwa gani, na mimi kueleza nimechoka. Namngoja mgeni hapa. Nitakwambia ni nani, ila acha nianzie mbali, kwa sababu nikianzia hapa nitaandika matusi.

Nikitaka kukuona ukiwa mzima, huwa nakuona ng'ambo ya mto Chania. Shule zikifungwa Mama alitupeleka Thika, tukavuka lile daraja kwa miguu kwa sababu wewe ulitaka lazima usimame katikati uangalie maji, kisha tukashika gari la kupanda kwa Cucu. Kwake hakukuwa na meza. Viazi vitamu viliiva kwenye majivu, kila mtu akachukua chake akala huku mkono mwingine una kazi: huyu anapukuchua mahindi, yule anatoa mawe kwenye maharagwe. Cucu alisimulia habari za watu waliokufa zamani kana kwamba amepishana nao asubuhi njiani. Ulikula, dada. Ulikula ukajilamba vidole vyenye majivu, ukanyosha mkono uchukue kingine bila kuangalia kama mtu anakuona. Miaka mingi baadaye, ukiwa umeshaanza kutuponyoka, uliniambia sababu. "Kwa Cucu hakuna mtu huangalia sahani yako." Nilidhani ni maneno ya kupitisha wakati tu.

Ilianza lini, sijui, na nadhani hata wewe hukujua. Mimi huirudia ile siku ya ruracio ya binamu yetu, mahari yake ilipoletwa, ulipokuwa umetoka shule ya bweni, na shangazi akakushika mkono mbele ya wageni akasema kwa sauti, "Wairimu, umenona! Wewe hatukutoi kwa mbuzi, tunataka ng'ombe!" Watu wakacheka, na wewe ukacheka. Shangazi alikuwa anakusifu. Kwetu kunona ni afya, ni kusema kwenu chakula kipo. Lakini nilikuwa nimekaa karibu nawe, nikaona ulivyoiweka ile sahani chini ya kiti, polepole, kama mtu anayeficha kitu alichokiiba. Jioni ulisema huna njaa. Ukaendelea kusema hivyo hadi ukaingia chuo.

Kisha ukampata Akinyi, na nitamshukuru Mungu kwa ajili ya Akinyi hata siku ambazo sina lingine la kumshukuru. Mlikaa chumba kimoja kwenye hosteli ya Kahawa Wendani, kile chenye dirisha linalotazama ukuta. Yeye ndiye aliyeona kabla yetu sote. Hakukuhubiria, hakukulilia. Alikushika mkono akakupeleka kwa mshauri wa wanafunzi pale chuoni, akakungoja nje kwenye benchi, na wiki iliyofuata akakupeleka tena. Halafu akaanzisha ule utaratibu wake. Anapika ugali na sukuma, anaweka sufuria sakafuni katikati yenu, hakuna sahani, simu inaegemezwa kwenye jagi la maji ikiwa na vichekesho, na sheria ni moja: macho kwa simu.

Nilikuja kuwatembelea siku moja nikauona kwa macho yangu. Nilianza kusema kitu kuhusu sukuma, Akinyi akanipiga kiwiko. "Wee, usiangalie sufuria. Angalia simu. Hapa hakuna stori ya chakula, sawa?" Tukatazama mtu akianguka kwenye mtaro, tukacheka, na mkono wako ukawa unaenda na kurudi, unaenda na kurudi. Jioni tulitembea hadi Kahawa Sukari kuchagua nyumba zenye maua ambamo hatungewahi kuishi. Hii yangu, ile yako, ile ya Akinyi na bwana wake mwenye kitambi. Tukirudi tulinunua smokie pasua, zile soseji za barabarani, na ukala yako umesimama, kachumbari ikikudondokea kidevuni, ukaiacha hapo. Nilitaka kulia nikajikaza. Uso wako ulikuwa umeanza kurudi, mashavu kidogo, na lile pengo la meno ukitabasamu.

Basi corona ikaja.

Watu wakisema habari za ule wakati husema maski, husema kafiyu, husema kazi zilizopotea. Hayo yote ni kweli. Mimi huwaza vile kila kitu kilichokuwa kinakushikilia kilivyofungwa kwa mpigo. Chuo kikafungwa, hosteli wakasema mtoke. Akinyi akapanda gari la kwenda kwao Siaya upesi kabla njia hazijazibwa, akakuahidi, "Ni wiki mbili tu, mami. Usiniharibie kazi." Kisha serikali ikazingira Nairobi na sisi wa kando yake, na kwa upande wetu mpaka ukawekwa pale pale, kwenye daraja la Chania. Polisi walisimama mahali ulipokuwa ukisimama kuangalia maji. Akinyi yuko ng'ambo, Cucu yuko ng'ambo, na wewe uko Gitothua nasi, vyumba viwili, madirisha mawili, na Mama.

Mama naye alikuwa ametumwa nyumbani na kiwanda cha nguo kule Thika. Tangu Baba aende zake, huyu mwanamke alikuwa hajakaa nyumbani mchana siku mbili mfululizo. Alizoea kuamka gizani, kushona makola ya mashati ya watu asiowajua, na kurudi amechoka asijue tumekula nini. Sasa alikuwa na siku nzima mikononi na watoto wawili wa kutazama. Akatutazama. Alikupakulia, akakaa mbele yako, akakuuliza kama chumvi imetosha. Ulikuwa upendo, Wairimu, najua wewe pia ulijua, lakini ulikuwa upendo wenye macho, na nilikuona ukijikunja ndani yake.

Mshauri wako hakukuacha. Alikupigia simu kila wiki. Ila aliyekuwa akikusikiliza kwenye chumba kilichofungwa mlango sasa alikuwa anasikiliza ploti nzima, wapangaji wote na kelele zao. Ulijaribu kuongea ukiwa bafuni, watu wakagonga mlango wakiwa na ndoo zao. Mama wa nyumba ya kona akaeneza kwamba una kijana. Ulijaribu kule juu ya tangi la maji, keateka, msimamizi wa ploti, akakufukuza. Mwishowe ukawa unapokea hapa hapa, Mama akikunja nguo kitandani, na nilikusikia ukijibu, "Ndiyo. Nakula. Ndiyo. Niko sawa kabisa." Ungesema nini kingine? Mama akauliza ni nani huyo anayejali sana, ukasema ni mwalimu. Baada ya muda ukaacha kupokea.

Na njaa, je? Maana kulikuwa na njaa ya kweli, ya watu wasioichagua. Baba Kevo wa mlango wa pili alikuwa hana kazi ya mjengo, watoto wake wanakunywa uji mmoja kwa siku. Kanisa la Mama likawa linagawa unga na mafuta. Wewe ukawa unachukua sahani yako na kuipeleka mlango wa pili. "Wapeni watoto, mimi nimeshiba." Ploti yote ikakupenda. Mahali ambapo watu wanakosa unga, nani angemshuku mtu anayegawa chake? Mama alisimama mlangoni akakutazama ukivuka ua na ile sahani, na macho yake yalijaa machozi ya fahari. Sijawahi kumwona hivyo, hata nilipofaulu mtihani.

Halafu ukaja mnyororo wa maombi.

Unakumbuka jinsi ulivyoanza. Kanisa limefungwa, kina mama wamebaki na kundi la WhatsApp, na mmoja akaleta wazo: kila mtu ashike siku yake ya wiki, afunge asubuhi hadi jioni, ili Gitothua isikose mtu anayeiombea hata siku moja. Mama Shiko, jirani yetu wa mlango wa bluu, alipewa Jumatano. Mama Shiko ana sukari, kila mtu anajua, na ile Jumatano ya kwanza alianza kutetemeka kabla ya saa sita. Akaja kwetu amejishika kifua. "Wairimu, mami, nishikie Jumatano yangu. Mimi mwili umekataa, na sitaki mnyororo ukatikie kwangu."

Ulisema sawa. Nilikuwa nafua pale nje, nikainua kichwa kwa sababu ya vile ulivyosema. Uliisema haraka mno, kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Alhamisi ilikuwa ya mwalimu wa Sunday school, mwenye vidonda vya tumbo. Akakupa. Ijumaa ilikuwa ya mama mjamzito. Akakupa. Wengine hawakuwa hata na ugonjwa, walikuwa na uvivu tu, na uvivu nao ukapokelewa. Nishikie. Nishikie na mimi, mtumishi. Kundi lote likawaka vipicha vya moto na mikono ya kuomba. Wakamwandikia Mama kwamba amezaa nabii. Na Mama, ambaye tangu aachwe na mumewe alikuwa akikaa viti vya nyuma kanisani, akaanza kusoma jumbe hizo kwa sauti wakati wa chai.

Sikunyamaza, dada. Nataka ulijue hilo kama hukulisikia. Nilimvuta Mama kando penye kamba za nguo nikamwambia, "Mama, Wairimu haombi. Wairimu ni mgonjwa. Muulize Akinyi." Alinitazama kama nimemtemea mate. "Wewe? Wewe ambaye ukifunga unapatikana na mandazi kwa choo? Ni wivu unakusumbua. Si uache dadako na Mungu wake." Na ile habari ya mandazi ni kweli, kwa hiyo sikuwa na pa kusimamia. Nikamwambia huu ni ugonjwa, una jina, watu hufa nao. Akasema hayo ni magonjwa ya wazungu na ya watoto wa matajiri waliozoea kutupa chakula. "Sisi tumekufanya nini mpaka mtoto wangu akatae chakula changu?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Mama alikuwa anaogopa. Nabii alikuwa rahisi kubeba kuliko mgonjwa.

Nilikuja kwako. Ulikuwa umelala juu ya blanketi mchana wa jua kali, umevaa sweta mbili. Nilikuomba ule nami kwenye sufuria, nikaegemeza simu kwenye jagi kama Akinyi. Ukanishika shavu. "Tumbo, mimi niko poa. Kwanza sijawahi kuwa poa hivi. Wananihitaji." Neno hilo linanikereketa hadi leo. Kwa mara ya kwanza kile kilichokuwa kinakuua kilikuwa na makofi.

Ulianguka penye mfereji, ukiwa na mtungi, asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya maji. Nilisikia mtungi kwanza. Nilipotoka ulikuwa chini na watu wote wamerudi nyuma, wametengeneza duara kubwa, maski zimepandishwa hadi machoni. Mama Shiko ndiye aliyepiga kelele. "Msimguse! Ni corona! Ngai, msimguse!" Wanawake uliokuwa umewabebea siku zao walisimama mbali nawe wakashika midomo. Tulikuinua sisi wawili, mimi na Mama. Nilijiandaa kwa uzito ambao haukuwepo. Tulikubeba kama nguo zilizoanuliwa kambani.

Kule hospitalini Thika walikuweka pa kutengwa kwanza, kama walivyomweka kila mtu siku zile, wakangoja majibu ya vipimo. Tulikaa nje kwenye ukingo wa saruji. Hatukuruhusiwa kukuona, na najiuliza mara nyingi kama mtu alikushika mkono, au walikushika kwa glavu tu. Daktari kijana alitoka akaketi nasi, mbali kidogo, akauliza, "Mama, huyu alikuwa anakula?" Mama akajinyosha. Akajibu kwa sauti ya mtu anayetoa ushuhuda, "Anafunga, daktari. Ni mtu wa maombi." Yule kijana akaangalia viatu vyake. Siku iliyofuata alirudi akatuambia haikuwa corona, moyo wako ulikuwa umeishiwa nguvu, na kwamba umekwenda. Akataja lile jina la Kiingereza. Mama akauliza hicho ni nini kwa lugha ya watu. Akafikiri, maskini, akasema, "Ni ugonjwa wa mtu kukataa chakula."

"Hakukataa," Mama akasema. "Alikuwa anampa Mungu."

Barabara zilifunguliwa wiki iliyofuata, lakini wewe hukungoja. Tulipewa kibali cha kukupeleka kwa Cucu kuzikwa, watu wachache tu, na gari likasimamishwa pale darajani. Miezi yote ile ulikuwa ukitamani kuvuka Chania, na ilibidi ufe ndipo upewe karatasi ya kuvukia. Polisi akatupima joto na kile kibunduki chao, mmoja baada ya mwingine, akachungulia nyuma. "Ni corona?" Mama akatikisa kichwa. "Basi nini?" Mama akageukia mto. Nikajibu mimi. Nikasema, "Njaa."

Polisi akavua kofia. Akasema pole sana, mama, hii serikali itatumaliza, akatupisha. Mama alinipa mgongo mpaka udongo ukawa juu yako. Tulipokuwa tunanawa mikono alininong'oneza, "Umeniaibisha mbele ya watu. Kana kwamba sikuwapikia." Cucu alisikia. Alikaa chini penye majivu yake, akachukua kiazi, akakivunja vipande viwili akatupatia mimi na Mama, akageuka kutazama mbuzi ili asituone. Mama hakukila.

Akinyi alikuja magari yaliporuhusiwa. Alikaa na Mama siku nzima akamweleza kila kitu, mshauri, sufuria, vichekesho, smokie. Mama alisikiliza akiwa anafua maski ileile ya kitambaa, akiisuuza na kuisuuza. Mwisho akauliza kitu kimoja tu. "Alikuwa akicheka?" Akinyi akasema alikuwa akicheka sana, mathe. Tangu wiki ile Mama amefunga kila Jumatano. Hakusema kwa nini na sikuuliza. Nilijua ni ya kwanza uliyopewa, na kwamba anailipa.

Jumatano moja ningeivumilia. Watu wengi hufunga siku moja, wanaamka salama. Lakini tangu Cucu naye alipotutoka, zimekuwa zikiongezeka. Ijumaa imeingia, halafu Alhamisi. Amekuwa mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kushikwa na baridi. Juzi alinyosha mkono kuchukua chumvi juu ya kabati, mkono wa sweta ukateleza, na mkono niliouona ulikuwa wako. Sisemi ulifanana na wako. Nilikaa chini jikoni nikajiziba mdomo kwa leso.

Na Jumapili iliyopita ndipo damu iliponichemka. Kanisani walitangaza mnyororo mpya, wa kuwaombea vijana, maana vijana wameharibika, unajua nyimbo zao. Kina mama wakawa wanachagua siku. Mama akasimama, kwenye viti vya nyuma, akasema, "Wale mko na sukari au presha, msijali. Nipeni mimi siku zenu. Nitawashikia."

Watu wakasema amina. Amina, Wairimu! Hata mmoja hakugeuza kichwa.

Nilimkamata Mama Shiko penye geti, kabla hajafungua mwavuli wake. Amezeeka, siku hizi anatembea na pakiti ya pipi mfukoni, za kutafuna sukari ikishuka. Niliongea vibaya, sitakuficha. Nilimwambia, "Jumatano ilikuwa yako. Ulimpa dadangu akaenda nayo, na sasa ni Mama anaibeba. Kuja uichukue."

Akaanza kulia papo hapo. "Kwani unataka nifanye nini, msichana? Nifunge nife?"

"Sijasema ufunge. Nimesema ukuje ule."

Alifungua mwavuli akaenda. Nilimpelekea ujumbe jana nikamwambia nitapika na saa ya kuja. Aliusoma. Sijui kama atakuja, na huu mukimo unaendelea kupoa. Ngoja. Kuna mtu anapiga hodi.

Nimerudi. Jua limeshaondoka kwenye ua.

Alikuja amevaa lile vazi lake la chama cha kina mama, kitambaa kichwani na vyote, kama anaenda msibani. Hakuketi. Alienda moja kwa moja akagonga mlango wa chumba cha ndani. Mama akafungua akiwa na Biblia mkononi.

"Nimekuja kwa sababu ya Jumatano yangu," Mama Shiko akasema.

"Jumatano gani?"

"Ile nilimpa mtoto wako. Nilikuwa na njaa, nikaogopa kuaibika kwa grupu, nikampa. Na alipoanguka nikasema asiguswe." Akakaza kitambaa chake kichwani. "Haikuwa yangu kupeana. Na si yako kulipa. Naitaka."

Nilidhani Mama atamfukuza. Alikuwa amenyooka pale mlangoni, shingo imetoka mishipa, na nikasikia maneno ambayo hajawahi kuyasema tangu ufe. "Nilimwona," akasema. "Nilikuwa namwona kila siku, Mama Shiko. Nilidhani anang'aa."

Kisha akakaa pale pale sakafuni, kizingitini. Mama Shiko naye akashuka, kwa shida, magoti yakimlia. Nikaleta sufuria nikaiweka katikati yao. Sikuleta sahani. Nikaegemeza simu kwenye jagi nikatafuta vichekesho, na vidole vyangu vilikuwa vimejaa jasho hata simu ikakataa kunitambua mara mbili. Yule mtu wa mtaro akatokea, yule yule, bado anaanguka baada ya miaka yote hii.

Mama Shiko alimega, akala. Akamega tena. Nilikaa nikaangalia simu. Sikugeuza kichwa, dada, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Mtaro ukapita, akaja mwingine wa kumkimbia bata. Nikausikia mkono wa pili kwenye sufuria. Nikamsikia Mama akitafuna, halafu akilia, halafu akitafuna. Alisema mdomo ukiwa umejaa, "Huu mukimo ni mbaya." Mama Shiko akasema, "Ni mbaya sana." Wakala.

Sitakudanganya kwamba amepona. Ameenda kulala amegeukia ukuta, na kesho huenda akaamka amefunga tena kama kawaida. Nimezoea kutoamini siku moja. Lakini Jumatano imerudi kwa mwenyewe. Kesho ni Alhamisi, ya mwalimu wa Sunday school. Bado anaishi kule nyuma ya soko, amenenepa, ana wajukuu. Nitamfikia asubuhi kabla hajatoka, na Ijumaa nitamtafuta yule aliyekuwa mjamzito, mtoto wake sasa anasoma. Nitaziendea zote nyumba kwa nyumba, hadi wewe usiwe umebaki na siku ya mtu hata moja mgongoni. Wasipokuja kwa hiari, nitawaburuta.

Huko uliko, naomba pawe kama kwa Cucu. Pasiwe na meza. Pasiwe na mtu wa kukutazama ukila.

Mimi naosha vyombo,
mdogo wako,
Tumbo